Mume ataka tusafiri usiku na mtoto hadi Kakamega, nami roho yangu inakataa

Shikamoo shangazi,

Natumai u mzima. Nimesoma majibu yako kwa wengine kwa muda mrefu na sikudhani siku moja nitakaa kitako nikuandikie mimi. Nina miaka 29, naishi Kahawa West na mume wangu. Mwanzo wa Agosti tulijaliwa mtoto wetu wa kwanza, mvulana. Alikuja wiki sita kabla ya wakati wake. Alizaliwa na kilo 2.1, akawekwa nasari ya hospitali siku 11, nne za kwanza akiwa kwenye oksijeni. Sasa ana kilo 5.6, ananyonya kama ndama, na kliniki wanasema hana neno.

Shida yangu ni Desemba. Kwao mume wangu ni Kakamega, upande wa Shinyalu. Baba mkwe alifariki mwaka jana na familia imepanga kujengea kaburi tarehe 27 Desemba. Mtoto wetu ndiye aliyepewa jina lake, kwa hivyo unaweza kukisia anavyongojewa. Mama mkwe hajamwona isipokuwa kwenye simu. Juzi alimwambia mume wangu, "Mzee amerudi, nanyi mnamficha Nairobi?" Alisema akicheka. Lakini shangazi, kicheko hicho nakijua.

Mume wangu anauza vipuri vya magari huko Kirinyaga Road. Duka linafungwa tarehe 23 jioni. Ameazima Fielder ya kaka yake na mpango wake ni tutoke saa tatu usiku huohuo, tufike alfajiri. Anasema usiku hakuna msongamano, hakuna joto, na mtoto atalala njia nzima. "Hata hatajua alisafiri," ndivyo anavyoniambia. Nilipouliza mtoto atakaa wapi, alishangaa. Atakaa kwako, kwani atakaa wapi? Nilimwambia kuhusu viti vya watoto vya gari. Tulienda kuangalia bei dukani, kimoja kilikuwa zaidi ya elfu kumi na tano, tukatoka bila kusema kitu. Tuna mchango wa saruji, tuna sehemu yetu ya ng'ombe, na Januari kodi ya nyumba haingoji. Mama yake naye alisema aliwalea watoto sita, wote aliwapakata kwenye basi na hakuna aliyeanguka.

Sasa nikueleze kilichoko rohoni. Tangu tutoke nasari, kila usiku naamka mara mbili tatu kuweka kiganja kifuani pa mtoto nione kama kinapanda. Nyuma ya ploti yetu kuna godauni, na lori likirudi kinyumenyume lile lina mlio wa "pii, pii" unaofanana na mashine za mle nasari. Najikuta nimesimama kabla sijajua nimeamka. Nikifikiria ile barabara ya Salgaa gizani, matrela, na mtoto amenyamaza mapajani na mimi sioni uso wake, jasho linanitoka.

Mume wangu haelewi. Wakati wa nasari alikuwa anakuja saa za kutembelea, anasimama dakika chache, anaondoka. Hajui kilichonipata mle ndani. Sasa ananiambia, "Mtoto si yai." Nilipendekeza aende peke yake, mimi na mtoto tubaki. Alinyamaza sana, kisha akauliza, "Basi niwaambie nini?" Tangu siku hiyo, wiki mbili sasa, tunazungumza mambo ya umeme na maziwa tu.

Dada yake ameshanitumia ujumbe kwamba wasichana wa mjini wana mambo. Mimi ni wa Murang'a, si wa kabila lao, na unajua maneno ya aina hiyo yanavyochacha haraka. Mama yangu mzazi naye anasema mtoto wa nasari hasafirishwi mbali kabla ya kutimiza mwaka. Niko katikati ya mama wawili na mume aliyenuna.

Shangazi, je, nimechanganyikiwa? Nikienda, niende vipi? Nisipoenda, nitaishi vipi na hawa watu?

Mama Asiyelala, Kahawa West

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu naona umeandika barua mbili kwenye karatasi moja. Moja ni ya barabara: kilomita karibu 400, usiku, gari la kuazima, mtoto wa miezi minne na nusu, hakuna kiti. Nyingine ni ya kiganja kifuani na mlio wa lori. Zimefungana kiasi kwamba ukimwambia mume wako "naogopa safari" yeye anajibu ile ya kwanza, na wewe unaumia kwa sababu ulikuwa unasema ile ya pili. Niruhusu nizifumue.

Kwanza, hujachanganyikiwa. Mama aliyekaa siku 11 akiangalia namba zinapanda na kushuka kwenye mashine hujifunza kulala jicho moja, na hakuna anayekuja kumwambia kwamba zamu imekwisha. Wengi hupoa polepole kadiri mtoto anavyonenepa. Lakini miezi minne ya kuamka kwa jasho ni mingi. Ukienda kliniki, mwambie muuguzi habari zako kama unavyomwambia za mtoto. Mweleze hilo la mlio. Kuna msaada kwa jambo hili, na wao huliona mara nyingi kuliko unavyodhani.

Sasa hebu turudi kwenye sentensi moja uliyoandika haraka ukaipita: kwamba mume wako alikuwa akija, anasimama dakika chache, anaondoka. Nakuuliza bila kumtetea: aliondoka, au aliondolewa? Nasari nyingi humruhusu mama kuingia kila baada ya saa tatu kunyonyesha au kukamua maziwa, na baba hupewa dakika zake za dirishani. Kama kwenu ilikuwa hivyo, basi wewe uliona siku 11 na yeye aliona vipande vya dakika tano tano. Aliona mtoto akiingia, akaona mtoto akitoka akiwa amevikwa kofia. Kwake hadithi iliishia mlangoni mwa hospitali, tena iliishia vizuri. Anaposema mtoto si yai, huenda ndivyo anavyomshukuru Mungu. Au huenda naye aliogopa mpaka akaapa kutofikiria tena. Sijui. Nawe, kwa barua hii, hujui pia, kwa sababu sioni mahali ulipomuuliza.

Na yule mama mkwe. Umekisikia kicheko chake kama kisu, na pengine kina makali kweli, mimi sikuwapo. Lakini msikilize tena: "Mzee amerudi." Huyu ni mjane wa mwaka mmoja. Tarehe 27 atasimama mbele ya kaburi la mumewe likipigwa saruji, na jina la mumewe liko Kahawa West linanyonya. Je, anajua kuhusu oksijeni? Nauliza kwa sababu vijana wengi humficha mama habari za namna hiyo wasimtie presha, wanasema tu "mtoto alizaliwa mdogo kidogo." Kama hajui, basi anachokiona yeye ni mkaza mwana anayemnyima mjukuu bila sababu.

Haya, barabara.

Mume wako hakosei kila kitu. Ni kweli usiku hakuna joto, na ni kweli mchana wa tarehe 23 na 24 Desemba barabara ya Nakuru hugeuka soko: unaweza kukaa Kinungi saa mbili ukitazama namba ya gari moja. Lakini hesabu yake ina mtu mmoja aliyesahauliwa, naye ni dereva. Atakuwa amesimama dukani tangu asubuhi, siku ya mauzo mengi kuliko zote, kisha ashike usukani saa tatu usiku. Saa saba au saa nane, usingizi unapokuwa mzito kuliko wakati wowote, ndipo atakuwa kati ya Salgaa na Mau Summit, kwenye mteremko ule na matrela. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana pale Migaa, watu 36 wakafa, na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ikapiga marufuku magari ya abiria kusafiri usiku kwa muda. Sikutajii haya ili ukose usingizi zaidi, maana nao ni mchache. Nakutajia kwa sababu hofu yako ya kipande kile gizani wanayo watu wenye magwanda pia, na unaweza kuisema mezani bila kuona aibu.

Hilo la kumpakata nalo. Mama mkwe hasemi uongo, wengi wetu tulisafiri hivyo. Waliofika ndio tunaosimulia. Mtoto wa kilo 5.6, gari likisimama ghafla kwa kugonga kitu likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hukuvuta mikono kwa nguvu kama mzigo wa zaidi ya kilo 70, tena kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya. Hakuna mikono ya mama inayoshika hivyo. Na ukijifunga mkanda pamoja naye, mwili wako ndio unaomkandamiza. Kwa hiyo katika mambo yote unayoyaogopa, hili la kiti ndilo ningelipa uzito wa kwanza, na ajabu ni kwamba ndilo mlilotoka nalo dukani bila kusema kitu.

Elfu kumi na tano ni pesa, naelewa. Lakini kiti si lazima kiwe kipya na si lazima kiwe chenu. Uliza kwenye chama, uliza kanisani, uliza yule jirani ambaye mtoto wake sasa anakimbia. Ukipata cha kuazima au cha mtumba, kigeuze uangalie chini: kusiwe na ufa kwenye plastiki, mikanda isiwe imechanika, kibandiko kionyeshe kinabeba watoto wa kilo ngapi, na mwenyewe akuambie kama kiliwahi kuwa ndani ya ajali. Kama kiliwahi, mwachie. Hakikisha pia ni kiti cha gari, kwa maana kuna vile vya kumlaza sebuleni vinavyofanana navyo sana na havina pa kupitisha mkanda. Kinafungwa kiti cha nyuma, mtoto akitazama nyuma ya gari. Mbele, penye mfuko wa hewa, kamwe. Na kifungeni siku chache kabla, mchana, bila haraka: ukikishika pale mkanda unapopita na kukitikisa, kisicheze zaidi ya upana wa vidole viwili. Wanaume wanaouza vipuri hupenda kazi kama hii. Mpe yeye.

Ila kiti nacho kina kanuni yake, na kwa mtoto wako ni muhimu zaidi. Mtoto mchanga akikaa humo muda mrefu, kichwa huinama, kidevu kikagusa kifua, na njia ya pumzi ikabanwa. Ndiyo maana wataalamu husema asipitishe saa mbili bila kutolewa, anyooshwe, anyonye, acheuliwe. Wako alizaliwa wiki sita mapema. Kwa umri wa ukuaji, Desemba hiyo atakuwa kama wa miezi mitatu, na huenda daktari akataka vipindi vifupi zaidi. Nenda kwa daktari aliyemwona, si yeyote wa zamu, umuulize hivi: anaweza kukaa kwenye kiti cha gari kwa muda gani? Mwende wote wawili. Maneno ya daktari mume wako akiyasikia kwa masikio yake hayatakuwa "hofu za mama" tena. Na huenda ukashangaa wewe, daktari akasema safari ni sawa kabisa.

Ukifuata kanuni hiyo, ile hesabu ya mume wako ya kutoka usiku na kufika alfajiri inakufa. Inakuwa safari ya muda wa saa kumi, kumi na moja, na vituo vyake. Hapo ndipo mnaweza kuanza kuongea kama watu wanaopanga, badala ya watu wanaovutana. Mnaweza kutoka tarehe 24 saa kumi na moja alfajiri akiwa amelala usiku mzima, lakini msongamano mtaukuta. Mnaweza kutoka hiyo 24 mkalala Nakuru, kilomita 160 tu, mkamalizia kesho yake. Kitanda ni gharama, ila dereva anapona. Kuna asubuhi ya Krismasi yenyewe, ambayo mimi huipenda kwa siri: barabara huwa nyepesi, wenye kusafiri wamekwisha fika, na mtafika mkiwa na siku nzima kabla ya shughuli. Hasara yake ni kula Krismasi kwenye kituo cha mafuta, na mama mkwe kutandika meza bila nyinyi.

Kuna ndege hadi Kisumu, chini ya saa moja angani, na mtoto wa chini ya miaka miwili hupakatwa kwa nauli ndogo. Mume aendeshe Fielder na mizigo, awapokee Kisumu, kisha kilomita hamsini hivi hadi Kakamega. Bei za Desemba hupaa, kwa hiyo pigeni hesabu mapema: tiketi upande mmoja, kiti na kitanda cha Nakuru upande wa pili. Na bado kiti mtakihitaji kutoka uwanja wa ndege. (Mngekuwa mnaenda Mombasa ningewaambia pandeni SGR niweke kalamu chini. Watu wa magharibi bado tunaisikia redioni.)

Na kuna kubaki. Sitalipuuza, kwa sababu ni haki yako kulifikiria, na mama yako hana ubaya. Ila nauliza, huo mwaka ameutoa wapi? Daktari hajausema. Ukibaki, barabara hamtaigusa, lakini kuna bei nyingine: mume atasimama mbele ya ukoo peke yake akiulizwa, na lile swali lake, "Basi niwaambie nini?", litakuwa halijajibiwa. Ukisema tutaenda Pasaka, kumbuka hapo masika huanza, na baada ya mvua malaria hupanda kule. Atakuwa mkubwa zaidi, ndiyo. Msimu si rahisi zaidi. Mama mkwe kuja Nairobi Januari nako kunawezekana. Wamama wengi wa kijijini hupenda kuombwa waje kulea kuliko kungoja kuletewa. Mmemwomba?

Mkienda, yako mambo mawili ya huko ambayo hukuyataja na mimi yananisumbua zaidi ya vumbi na baridi. La kwanza ni mbu. Nairobi umezoea kumpiga mmoja kwa kandambili ukalala. Kakamega ni eneo la malaria, na mtoto wako hana kinga ya kutegemea. Beba neti yenye dawa kutoka nyumbani, usitegemee utakayoikuta, na joto lolote la mwili likipanda msingoje asubuhi: kitabu cha kliniki mkononi, hospitali. Iko ya rufaa pale mjini Kakamega, si mbali na Shinyalu.

La pili ni watu. Shughuli ya kaburi huleta ukoo mzima, na kila shangazi atataka kumshika aliyebeba jina la mzee, kumbusu mashavuni, kumtafutia pua ya marehemu. Mapafu yaliyoanza maisha kwa oksijeni hayahitaji mafua ya watu mia mbili. Hapa ndipo utamhitaji mama mkwe. Yeye ndiye anayeweza kusema "mtoto analala, mtamwona baadaye" na hakuna atakayefungua mdomo. Ukisema wewe, itakuwa msichana wa Murang'a. Akisema yeye, ni sheria ya boma. Vilevile kuhusu maji na uji mwepesi: watakuambia ana kiu. Hana. Miezi sita ya kwanza maziwa yako yanatosha hata kwenye joto, mnyonyeshe tu mara nyingi zaidi. Lakini ni afadhali mama mkwe alijue hilo kabla hujafika, kuliko umkute na kikombe na kijiko.

Kwa hiyo narudi kwenye ile barua ya pili. Kabla ya kuamua tarehe, je, unaweza kumsimulia mume wako siku 11 hizo, kuanzia ya kwanza? Si wakati wa kubishana juu ya safari. Jumapili jioni, mtoto akiwa amelala. Mwambie namba ulizokuwa unaziangalia. Mwambie kuhusu lori la godauni. Usiishie na "ndiyo maana siendi", maana atasikia mwisho tu. Ishia na swali: wewe dirishani ulikuwa unafikiria nini? Kisha nyamaza, hata akikawia kujibu. Inawezekana akajibu vibaya, akasema umeanza tena. Wanaume wengine huhitaji kusikia jambo mara mbili. Lakini kama jibu litakuwa lile ninalolidhania, basi simu ya kwenda Shinyalu mtaipiga pamoja, na atakayemweleza mama yake habari ya oksijeni awe ni yeye, kwa lugha yao.

Ujumbe wa wifi, usiujibu. Huyo atafika kaburini akikuta mmeshakubaliana au hamjakubaliana, na kwa vyovyote atakuwa na maneno.

Ikiwa mtasafiri, mtu mmoja akae nyuma karibu na mtoto, na ninajua atakuwa wewe. Utaona uso wake njia nzima, jambo ambalo kwenye mapaja gizani usingeliona. Mnyonyeshe gari likiwa limesimama, usimtoe kwenye kiti likitembea hata akilia vipi. Mwambie dereva apaki. Mau Summit ni juu ya mita 2,400 na kuna baridi ya kuuma, lakini usimvalishe koti nene chini ya mikanda, hulegea. Mfunge kwanza, blanketi juu. Mkianza kuteremka upande wa pili, masikio yanaweza kumsumbua, basi simameni umpe nafasi ya kunyonya kabla na katikati ya mteremko.

Na daipa, nguo mbili za kubadilisha na leso ziweke miguuni pako, usiziweke kwenye buti. Nasema hivi kwa sababu mwaka wa 1994 nilipanda basi la Busia na kifungua mimba wangu wa miezi minne, basi likakwama hapo hapo Mau Summit kutoka saa nne usiku hadi saa tisa, na begi langu la nepi lilikuwa juu ya paa chini ya kuku na godoro la mtu. Mama mmoja nisiyemjua alivua leso yake ya kichwani akanikabidhi bila neno. Ninayo mpaka leo. Sikuwahi kumrudishia, kwa sababu nilipogeuka pale Kisumu alikuwa amekwisha shuka.